Mama Mjinga wa Kebirigo

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitakupitisha haraka haraka, kisha tuingie kwenye moto.

Mimi ni Kemuma, binti wa Abner Angwenyi, mzee wa kanisa wa kule Kebirigo. Nilitoka nyumbani nikiwa msichana wa miaka ishirini, baada ya kumkataa mume niliyechaguliwa, karani mmoja aitwaye Nyasani. Nikapata kazi ya kukaanga mandazi katika hoteli ya Mama Ladan, mjane wa Kisomali, mjini Kisii. Kaka yake, Bwana Shueib, alikuwa na lori la kuuzia vitambaa na sabuni masokoni. Ili watu wakusanyike, vijana wake walicheza michezo ya kuchekesha juu ya lile lori. Wanawake wote katika michezo hiyo walichezwa na Ogari, mwanamume mwenye ndevu, kajifunga leso kichwani.

Siku Ogari alipovimba jino, nikapanda mimi.

Soko lilinyamaza. Watu hawakuwa wamewahi kumwona mwanamke akimkaripia mumewe hadharani na mume anakaa kimya. Kisha wakacheka hadi wengine wakaketi chini. Tangu siku hiyo Ogari akarudi kwenye ngoma yake, nami nikawa mke wa mlevi, mke wa mchoyo, mke wa kila mpumbavu kutoka Kisii mpaka Nyamira.

Kanisani kwetu jina langu likafutwa. Tata, ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita baba, akanitumia neno moja tu: nisikanyage tena Kebirigo.

Wako waliosema baada ya kusoma haya kwamba ningepaswa kuona haya kuyatangaza gazetini. Sioni haya. Niliyetukanwa ni mimi, niliyefukuzwa ni mimi, basi na wa kusimulia ni mimi.

Wiki iliyopita niliishia pale gari la sinema la serikali liliposimama mbele ya hoteli yetu, mlango ukafunguliwa, na aliyeshuka akawa Nyasani.

Alikuwa amevaa kaptura nyeupe na soksi ndefu. Akavuta kiti kama chake, akaketi.

"Chai," akasema, kana kwamba hanijui.

Nikamwekea chai. Hakuinywa. Alinitazama mikono, ilivyojaa unga.

"Kemuma. Uliniacha kwa ajili ya haya? Mandazi?"

"Mandazi hayanipigi," nikamjibu.

Aliyemfuata ndani alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu. Jina lake lilitushinda ulimi sote, tukamwita Bwana Kioo, kwa sababu alikuwa na kioo kidogo shingoni na kila kitu alikitazama kwanza kwa kioo hicho. Alinitazama mimi pia. Akazunguka meza, akanitazama upande wa pili.

"Huyu iko nani?"

"Mpishi, Bwana," Nyasani akasema upesi.

Mama Ladan alikuwa jikoni. Masikio ya mama yule hayakuwa na mipaka.

"Mpishi!" akatoka na mwiko. "Wallahi, huyu mpishi akisimama sokoni hata ng'ombe wanaacha kula! Muulize mtu yeyote hapa mjini. Kemuma, mwonyeshe!"

"Nimwonyeshe nini, Mama Ladan?"

"Lia!"

Sijui ni nini kilinipata. Nilimtazama Nyasani, nikawakumbuka wale ng'ombe wake waliosimama uani kwetu wakinisubiri mimi kama deni, nikakumbuka nilivyotoka kwa mlango wa nyuma. Machozi yakaja yenyewe. Sikutoa sauti. Yalishuka tu, huku nimesimama na birika la chai mkononi.

Bwana Kioo akashusha kioo chake.

"Kesho," akasema. "Wewe nakuja kesho."

*

Sinema yenyewe ilikuwa ya kufundisha watu. Nyasani alitueleza tukiwa tumeketi nyasini, sote tuliochaguliwa. Mama wawili, nyumba mbili jirani, kila mmoja ana mtoto mgonjwa. Mama mwerevu anamkimbiza mtoto wake hospitali, anapona. Mama mjinga anakaa na mtoto, anampa majani, anangoja. Mtoto wake anakufa.

"Nani mwerevu?" akauliza mke wa mwalimu mmoja, Kwamboka, aliyekuja na viatu vya ngozi na mwavuli.

"Tutaona," akasema Nyasani, akanivuta kando.

Alikuwa karani wa kikosi kile, na mkalimani pia. Bwana Kioo hakujua Kikisii, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai. Kwa hiyo nusu ya maneno yote yalipitia mdomoni mwa Nyasani.

"Nikimwambia wewe ndiye mama mwerevu, atakubali," akaninong'oneza. "Utavaa gauni safi. Uso wako utaonekana nchi nzima. Baba yako atakusamehe. Na mimi pia nitasahau yaliyopita."

"Usahau kwa bei gani?"

"Unajua. Ng'ombe wangu bado wako hai."

"Basi waendelee kuishi."

Uso wake ukakaza. "Hakuna mwanamke mwenye akili atakayekubali kucheza yule wa pili, Kemuma. Kulilia mtoto ambaye hayupo? Huko ni kuita kifo nyumbani. Ukikataa la kwangu, unabaki nalo hilo au urudi kwenye mafuta ya moto."

Nikampita, nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Kioo.

"Bwana. Mimi nitakuwa mama mjinga."

Akanitazama kwa mshangao. "Wewe nataka ile mbaya?"

"Mwerevu anabeba mtoto anaondoka. Kazi yote iko kwa mjinga."

Akacheka, akanipa mkono. Nyuma yangu nikasikia mwavuli wa Kwamboka ukifunguka kwa furaha.

Jioni hiyo nilipanda kilima cha Nyanchwa peke yangu nikajaribu namna ya kulia. Nililia kama wanavyolia michezoni, kwa kupiga yowe na kujirusha. Ilikuwa sauti ya lori la sabuni. Nikajua haifai. Nikateremka nikiwa na hofu, na hofu ile sikumwambia mtu.

Kesho yake Nyasani akatangaza mahali pa kupigia picha. Bwana Kioo amezunguka wilaya nzima, akasema, na mteremko uliomvutia kuliko yote, wenye migomba na nyumba za nyasi na mwanga mzuri wa asubuhi, ni mmoja tu.

Akanitazama mimi aliposema: "Kebirigo."

*

"Usiende," Ogari aliniambia. "Baba yako atakupiga mbele ya Wazungu."

"Atanipiga nikiwa kazini, basi."

Mama Ladan akafunga hoteli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku aliyozikwa mumewe, akapanda nyuma ya gari pamoja nami. "Nataka nimwone huyo mzee," akasema.

Tulifika jua likiwa limepanda. Watu walikuwa wamejaa kwenye mteremko. Wasichana niliochota nao maji walinitazama, kisha wakatazama chini. Nyumba yetu ilionekana ng'ambo ya kijito, na moshi wa mama ulikuwa unapanda.

Kwamboka alipigwa picha kwanza. Alibeba mtoto mnene wa dada yake, akatembea kwa madaha kuelekea barabarani, viatu vyake vya ngozi viking'aa. Akamaliza, akapigiwa makofi.

Ikawa zamu yangu.

"Mtoto iko wapi?" Bwana Kioo akauliza.

Kila mama pale mteremkoni alimvuta wake karibu. Nyasani akatabasamu kidogo. Alikuwa amelijua hilo tangu mwanzo.

Nikaomba panga. Nikaingia migombani, nikakata kipande cha shina la mgomba, urefu wa mtoto wa miaka miwili, nikakifunga kwa blanketi. Nikakipakata.

Wanaojua migomba wanajua shina lake lilivyojaa maji. Kabla sijafika kwenye kamera, maji yalikuwa yamepenya blanketi yakaniloweka kifua. Baridi, mazito, kama jasho la mtoto mwenye homa linapoanza kupoa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Nyangate.

Sikuwa nimepanga kumkumbuka. Nyangate alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Alikufa kwa kifua nikiwa na miaka tisa. Kebirigo nzima ilijua kwa nini: mama alichelewa. Mama alimficha ndani akampa majani, akangoja. Hivyo ndivyo ilivyosemwa kanisani, na sokoni, na hata watoto wenzangu walipokosana nami. Mama hakujibu hata siku moja.

Mimi nilikuwepo siku ile. Nilikuwa nimeshika upindo wa gauni lake.

"Sasa!" Bwana Kioo akapaza sauti, na mashine ikaanza kuunguruma.

Niliketi mlangoni mwa ile nyumba ya kuazima. Sikupiga yowe. Nilifunua blanketi kidogo nikatazama, nikafunika. Nikafunua tena. Nikapuliza mahali ambapo uso ungekuwa, kama mama alivyofanya, kumpa pumzi.

Watu mteremkoni walianza kunung'unika. Mwanamke mmoja akasema kwa nguvu, "Yaya, hapana! Mwondoeni huyo, analeta msiba!"

Kisha kundi likapasuka katikati, na tata akatokea.

Alikuja na fimbo, na wazee wawili wa kanisa nyuma yake. Hakuiona kamera, au aliiona hakuijali. Alikuja hadi mbele yangu.

"Kemuma! Weka chini takataka hiyo! Nilikukataza kukanyaga hapa!"

Nilimwona Nyasani akikimbia kumzuia, na nilimwona Bwana Kioo akimshika Nyasani kola na kumrudisha. Mkono wake mwingine ulikuwa unamzungushia mpiga picha ishara: endelea, endelea.

Mashine ilikuwa bado inaunguruma.

Wasomaji wangu, ningeweza kusimama nikakimbia. Ningeweza kumpigia magoti tata nikasamehewa pale pale, na sinema ikaishia hapo. Nilimtazama nikiwa bado nimepakata kile kifurushi kilichoniloweka, nikamjibu kama mama yangu siku ile, ambaye sasa nilikuwa yeye.

"Nilikuja mlangoni," nikamwambia.

Akasita. "Nini?"

"Mlikuwa kwenye mkutano wa wazee. Nilikuja mlangoni na mtoto mgongoni. Nikakuita. Baiskeli ilikuwa yako, imeegemea ukuta. Nikakwambia mtoto hapumui vizuri, tumpeleke. Ukasema nini?"

Fimbo ilikuwa juu. Ilibaki juu.

"Sema ulivyosema, Tata."

Aliwatazama wale wazee wawili.

"Ulisema, ngoja mkutano uishe. Nikangoja. Nikaketi chini ya dirisha. Mkaomba, mkaimba, mkasimama mkaketi. Mtoto akanyamaza mgongoni. Nilidhani amelala. Ulipotoka ukiwa na kofia yako mkononi, alikuwa amepoa. Halafu ukawaambia watu mimi ndiye niliyechelewa."

Nilisema yote kwa Kikisii. Kebirigo nzima ilisikia kila neno.

Fimbo ikashuka polepole. Si kwangu. Ilishuka tu, ikagusa ardhi. Wale wazee wawili waliokuja naye hawakumtazama usoni. Mmoja wao alikuwepo kwenye mkutano ule.

Ndipo mama akaja.

Sikumwona alikotokea. Bonareri, mama yangu, mikono yake ina majivu, hana hata kitambaa kichwani. Alipita mbele ya tata kana kwamba anapita mti. Akaketi chini kando yangu, akanyoosha mikono.

Nikampa kile kifurushi.

Akakiweka mapajani. Akakifunga vizuri blanketi, maana mimi nilikuwa nimekifunga vibaya. Kisha akaanza kulia, kilio ambacho hakuruhusiwa kukilia siku ya mazishi, kwa sababu siku ile alikuwa mshtakiwa. Nami nikalia naye. Wanawake wa mteremkoni, wale wale walioninung'unikia, wakaanza kuitikia mmoja baada ya mwingine hadi mlima wote ukawa unalia.

Nilipoinua uso, tata alikuwa ameshaondoka.

"Kata!" Bwana Kioo akapiga kelele. Alikuwa anafuta macho kwa kofia yake. "Mzuri! Mzuri kabisa! Huyu mama mzee alitoka wapi?"

*

Sikurudi nyumbani siku hiyo, ila mama alinisindikiza hadi kwenye gari. Hatukusemezana sana. Alinishika mkono uliokuwa bado umelowa utomvu.

"Utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo," akasema.

"Najua, Mama."

"Basi usiifue."

Mama Ladan alimkumbatia kana kwamba walizaliwa tumbo moja. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuzungumza pamoja.

Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilimwambia Bwana Kioo: sasa watu wote watasikia. Nchi nzima itasikia mama yangu hakuwa mjinga.

Akakuna shingo yake nyekundu.

"Sikia hapana," akasema. "Hii ni picha tu. Sauti hapana."

"Na maneno yangu?"

"Maneno nakuja baadaye. Kwa gari. Mtu nasimama na kusema kwa kipaza sauti, kila kijiji kwa lugha yao."

"Mtu gani?"

Nikajua jibu kabla hajageuza kichwa. Nyasani alikuwa ameegemea mlango wa gari akisafisha soksi zake.

*

Miezi ikapita. Nikarudi kwenye mandazi na kwenye lori la Shueib. Nilikuwa tayari nimeanza kuisahau sinema pale Bwana Kioo aliporudi mbio, akaingia hotelini bila kubisha, akaketi penye unga.

Wakubwa wake Nairobi walikuwa wameiona. Walikuwa wameirudisha nyuma wakaitazama tena sehemu ile ya mlangoni. Sasa inatengenezwa sinema kubwa, akasema, hadithi ndefu yenye sauti kamili, na wanamtaka mama yule wa Kisii. Si wa kupita kwa nyuma. Wa mbele kabisa.

"Sauti yangu mwenyewe?" nikauliza.

"Yako. Kila neno."

Mama Ladan akamwaga chai. Shueib akatoka nje akapiga honi ya lori bila sababu yoyote.

"Lakini," Bwana Kioo akainua kidole. "Wiki hii sisi naonyesha picha Kebirigo. Mkubwa wangu nakuja. Yeye nataka kuona wewe. Wewe nakaa mbele, mzuri, kimya. Kama iko fujo, kama iko maneno, yeye napata mtu mwingine. Unaelewa?"

Nilielewa. Niliahidi. Nataka mjue kwamba nilipoahidi nilimaanisha.

Chifu alikuwa ameamuru kila nyumba ije. Giza lilipoanza kushika, uwanja wa soko la Kebirigo ulikuwa umejaa kama siku ya mnada. Walifunga shuka kubwa kati ya miti miwili. Mtambo wa umeme ulikuwa unanguruma nyuma ya gari. Juu ya paa la gari kulikuwa na tarumbeta mbili za kipaza sauti, na chini yake, maikrofoni mkononi, Nyasani.

Niliwekwa mbele kati ya Bwana Kioo na yule mkubwa wake, mzee mwenye masharubu. Mama alikuwa ameketi nyasini na wanawake wenzake, Mama Ladan na Ogari nyuma yao. Tata alisimama mwisho kabisa, peke yake, mbali na wazee.

Picha ikaanza. Watu wakapiga kelele walipomwona Kwamboka anatembea ukubwa wa nyumba. Nyasani akawa anamsifu: mama mwerevu, mama safi, mama anayejua.

Kisha uso wangu ukatokea.

Kelele zote zikakatika. Sijui nikuelezeje, msomaji, kuutazama uso wako ukiwa mkubwa kuliko nyumba uliyozaliwa. Niliona kila kitu nilichodhani nimekificha.

"Na huyu," sauti ya Nyasani ikalia kutoka kwenye tarumbeta, "ni mama mjinga. Mtoto anaumwa, yeye amekaa. Mvivu. Anangoja majani yafanye kazi."

Nikakaza mikono yangu mapajani. Kimya. Niliahidi.

"Mume wake mwema anakuja kumwonya. Tazameni anavyomwonya kwa upole. Mwanamke hasikii."

Mtu mmoja akacheka. Kisha wa pili.

"Na huyu mama mzee anayekuja, mwenye majivu, ndiye aliyemfundisha ujinga. Kama mama, kama binti. Wanaua watoto wao kwa ujinga, halafu wanalia."

Uwanja ukacheka. Si wote. Vijana waliokuja kutoka mbali, ambao hawakuwepo mteremkoni siku ile. Lakini kicheko kilienea.

Nikageuka. Nikamwona mama anainuka. Alikuwa anajifunga kitambaa chake polepole, kama mtu anayetoka mazishini kabla ya wakati, na uso wake ulikuwa ule ule niliouona tangu nikiwa na miaka tisa.

Nikasimama.

"Keti," Bwana Kioo akaninong'oneza. "Tafadhali. Keti."

"Nimekuwa mjinga kwa ajili yako, Bwana," nikamwambia. "Mama yangu hajaandikwa kazi hiyo."

Nilipita mbele ya mwanga. Kivuli changu kikakatiza uso wangu mwenyewe kwenye shuka. Nyasani aliniona nakuja, akarudi nyuma, akakumbatia maikrofoni kifuani.

"Mlinzi!" akaita, na tarumbeta zikaita naye. "Mwondoeni huyu mwanamke!"

Nikakishika kile chuma. Tukavutana. Watu walisikia pumzi zetu juu ya miti.

"Mwache aseme!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Ladan, na haikuhitaji mtambo. "Uso ni wake! Mwache aseme!"

"Mwache aseme!" Ogari akadakia.

Kisha wanawake wa mteremkoni, wale walioitikia kilio. "Mwache! Mwache!"

Nyasani akalegea kwa sekunde moja. Ilitosha.

"Mimi ni Kemuma," nikasema, na sauti yangu ikarudi kwangu kutoka upande wa pili wa bonde. "Mama huyu mnayemwona hakuchelewa. Alikuja mlangoni. Aliambiwa angoje. Wale waliokuwepo siku nilipoyasema haya, wanayajua. Wale mnaocheka, acheni kucheka, mtazame mikono yake. Mtu anayefunga blanketi namna hiyo hakumwua mtoto wake."

Hakuna aliyecheka. Kwenye shuka, mama alikuwa anafunga lile blanketi.

Nikamtazama yule mkubwa mwenye masharubu. Alikuwa amesimama, anamwambia Bwana Kioo jambo sikioni, uso wake haukunionyesha kitu. Nikasema moyoni: basi, kazi imekwenda. Na nakuapia, sikujuta. Ningeipoteza tena kesho.

Ndipo watu walipoanza kusogea kupisha njia.

Tata alikuwa anakuja.

Hakuwa na fimbo. Alitembea polepole kati ya watu, kofia mkononi, hadi akafika mbele yangu. Kwa karibu miaka miwili hatukuwa tumesimama karibu hivyo bila hasira kati yetu, na sikujua kama sasa ipo au haipo.

Akanyoosha mkono.

"Nipe hicho," akasema.

Mama Ladan akapiga kelele, "Usimpe!"

Nilimtazama tata machoni. Kisha nikampa.

Akakishika kwa mikono miwili, mbali na mdomo, kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Tarumbeta zikatoa pumzi yake, nzito, juu ya uwanja mzima.

"Mnanijua," akasema. "Mimi ni Abner Angwenyi."

Akageuka akatazama shuka, ambapo mkewe alikuwa analia bila sauti, mkubwa kuliko mti.

"Siku ile ya mkutano," akaanza, "mimi..."

Nyasani akachomoa waya.

Tarumbeta zikafa. Mwanga ukafa. Uso wa mama ukapotea kwenye shuka, na uwanja wote ukaingia gizani pamoja. Hakuna aliyesogea. Nilisikia mtambo unanguruma bure nyuma ya gari, na karibu yangu nikasikia maikrofoni ikianguka nyasini.

Kisha nikaisikia sauti ya baba yangu, ile yake mwenyewe, isiyo na mashine, imepasuka.

"Bonareri," akamwita mama gizani. "Bonareri, uko wapi?"